Kuchagua rejeta na shraudi ya feni kwa kompyuta ya kupozwa na maji, kwa joto letu hili la Dar

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hii kwa mtu ambae ana kompyuta yake ya gemu au ya kurenda video, iko chumbani Tabata, Mbagala, Kimara, Kigamboni, popote pale, kaamua kuipoza kwa maji na sasa kashika simu anaangalia marejeta, kuna ya 120, 240, 280, 360, nyembamba, nene, bei zinapishana na hajui aanzie wapi. Ntaongelea rejeta na shraudi (kile kiboksi kitupu kinachokaa kati ya feni na rejeta) tu, pampu na bloku (kile kipande kinachokaa juu ya prosesa maji yakipita ndani yake) ntazigusa pale zinapoingiliana, maana ukikosea rejeta hata uwe na pampu ya bei gani maji yatakua ya moto.

Kabla hujatoa hela elewa hiki kitu kimoja. Maji hayatengenezi ubaridi. Yanabeba joto kutoka kwenye prosesa yanalipeleka kwenye rejeta, rejeta inalimwaga kwenye hewa ya chumba, basi. Kwahiyo maji hayawezi kua ya baridi kuliko chumba chako, na hapa ndo Dar inatofautiana na hao jamaa wa Ulaya tunaowaangalia kwenye video. Wao chumba nyuzi 20, mimi nimepima kwangu saa nane mchana mwezi wa pili, chumba cha bati kisicho na AC, nikakuta 34. Mfumo uliokaa vizuri maji yanazidi joto la chumba kwa nyuzi 10 hivi, yule wa Ulaya maji yake yako 30, mimi 44, kwa vifaa vile vile. Na pampu nyingi za kompyuta kikomo chake ni maji ya nyuzi 60, mipira laini ya kupitishia maji nayo inaanza kulegea huko juu. Yaani nafasi ya kukosea kwetu ni ndogo sana, ndo maana nasema rejeta ya kununua Dar lazima iwe kubwa kuliko ile unayoambiwa inatosha.

HATUA YA 1: piga hesabu ya wati

Chukua wati za prosesa na za kadi ya grafiksi kama zote mbili zitapita kwenye maji, jumlisha. Usisome namba ya kwenye boksi ukaishia hapo. Mfano prosesa ya Ryzen 7 5800X imeandikwa wati 105 ila ikibanwa kazi inaruhusiwa kuvuta mpaka 142, na kadi ya RTX 3070 ni wati 220. Jumla 362.

Hesabu ya haraka wanayotumia wengi ni wati 100 kwa kila nafasi moja ya feni ya milimita 120, feni ikizunguka taratibu isipige kelele. Kwa 362 unahitaji nafasi nne. Mimi kwa Dar naongeza moja, zinakua tano, maana yake rejeta ya 360 moja (feni tatu) na ya 240 moja (feni mbili). Kama ni prosesa peke yake, wati 142, basi 240 inakutosha hata bila ile nafasi ya ziada, na chenji inabaki.

Kuna hesabu nyingine inayonifungua macho kila nikiirudia. Feni moja ya 120 ikipitisha hewa futi za ujazo 50 kwa dakika, hiyo hewa inabeba wati kama 28 tu kwa kila nyuzi moja inayopanda. Ukitaka kutoa wati 300 kwa feni moja, hewa yenyewe itatoka imepanda karibu nyuzi 11, na maji lazima yawe ya moto kuliko hiyo hewa. Na hizo futi 50 ni feni ikiwa wazi haijabandikwa popote, ukiibandika kwenye rejeta zinashuka. Sasa linganisha na upande wa maji: lita 4 kwa dakika zikibeba wati 300 zinapanda nyuzi 1 na kidogo tu. Kwahiyo mtu anaekwambia ununue pampu kubwa zaidi ili ipoe zaidi anakupeleka siko. Shida iko kwenye hewa, na hewa ni rejeta, feni na shraudi.

HATUA YA 2: pima kesi kwa rula, usipime kwa macho

Hapa niliumia mwenyewe. Nliagiza rejeta nene ya milimita 60 kwa sababu nliona kesi ina nafasi juu, ikaja baada ya wiki kadhaa, nafungua naweka, rejeta inaingia vizuri kabisa. Sikujumlisha feni. Feni ni 25, shraudi nliyotaka kuweka 25 nyingine, jumla 110, na juu ya madabodi kulikua na milimita 60 na kitu kabla hujagusa memori. Rejeta ilikaa kabatini mwaka mzima.

Kwahiyo jumlisha: unene wa rejeta, unene wa shraudi, unene wa feni, halafu ongeza milimita 5 za kupumulia. Rejeta nyembamba ni 27 mpaka 30, za kati 45, nene 60. Mimi ukiniuliza, kama una milimita 85 nunua nyembamba ya 30 ukaweke na shraudi ya 25 kuliko kununua ya 45 bila shraudi. Urefu nao angalia, rejeta ya 240 sio milimita 240, ina matanki pande zote mbili na sehemu ya kufungia mipira, nyingi zinafika 275 na zaidi.

Kama kesi haitoshi usilie, tengeneza boksi la kartoni la saizi ile ile ulipachike nje mgongoni mwa kesi uone. Rejeta ya nje kwa Dar ni wazo zuri sana kwakweli, inavuta hewa ya chumba moja kwa moja badala ya hewa iliyokwishapashwa na kadi ya grafiksi.

HATUA YA 3: shaba au alumini

Bloku za maji nyingi ni shaba. Ukiunganisha bloku ya shaba na rejeta ya alumini kwenye maji yale yale alumini inaliwa, taratibu taratibu, unakuja kuona uchafu mweupe unaelea na siku moja linatoboka. Nunua rejeta ya shaba. Zile za mifumo iliyofungwa kiwandani nyingi ni alumini na zina dawa yake humo ndani, usiing'oe rejeta ile ukaichanganya na vifaa vingine.

Kujua shaba dukani ni kazi kidogo kwa sababu zote zinapakwa rangi nyeusi. Sumaku haikusaidii, haishiki shaba wala alumini. Pima uzito kwa mkono, shaba ni nzito mara tatu na zaidi ya alumini kwa ujazo ule ule, utaisikia. Kama muuzaji anakubali, kwaruza kidogo pembeni ya kibati kimoja kwa ncha ya kisu, chini ya rangi uone wekundu. Muuzaji akikataa na hana jibu la kueleweka, ondoka tu.

HATUA YA 4: vibati vimebanana kiasi gani

Katikati ya mirija ya maji kuna vile vibati vyembamba vilivyokunjwa kunjwa, ndo vinamwaga joto. Kwenye maelezo ya bidhaa utaona FPI, ni idadi ya vibati kwenye inchi moja. Kuna za 8 mpaka 12 ambazo ziko wazi, na kuna za 16 mpaka 20 na zaidi ambazo zimebanana.

Zilizobanana zinapoza vizuri ukiwa na feni kali zinazosukuma kwa nguvu. Lakini wewe unaishi Dar, barabara ya mtaani ni vumbi, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, na ukiwa karibu na bahari hewa ina chumvi inayoshika vumbi likawa kama ugali. Rejeta iliyobanana kwangu ilijaa ndani ya miezi miwili, brashi haiingii, nikipuliza vumbi linasogea tu ndani zaidi. Hii ya FPI 10 ninayotumia sasa napitisha brashi ya rangi kavu, dakika tano kazi imeisha. Kwa hiyo mimi nasimama hapo: chukua ya wazi, kubwa, feni za taratibu. Utapoteza nyuzi moja au mbili siku ya kwanza lakini mwezi wa nne wewe ndo utakua umepoa.

Feni tafuta yenye presha, sio yenye kasi tu. Kwenye karatasi yake angalia namba ya mm H2O, ikiwa 1.5 mpaka 2 na zaidi iko vizuri, mfano Arctic P12 ni 2.2 na bei yake haiumizi.

HATUA YA 5: shraudi, na hapa naomba utulie

Watu wengi wanaliruka hili. Shraudi ni kiboksi kisicho na kitu ndani kinachokaa kati ya feni na rejeta, kimeziba pande zote nne, hewa ikitaka kupita ipitie kwenye vibati tu. Ukifungua boneti ya gari utaliona lile kava la plastiki linaloizunguka feni, kazi ni ile ile.

Sababu yake ni hii. Feni ya 120 katikati ina kitovu chenye mota, kipenyo kama milimita 40, pale hakuna panga kwahiyo hakuna upepo. Na feni ni duara wakati rejeta ni mraba, kona zote nne hazipati kitu. Ukipiga hesabu, feni iliyobandikwa moja kwa moja kwenye rejeta mapanga yake yanafunika kama asilimia 63 tu ya uso wa ule mraba. Ulinunua rejeta nzima unatumia zaidi ya nusu kidogo. Ukiisogeza feni mbele kwa milimita 25, hewa inapata nafasi ya kutawanyika, inafika katikati na kwenye kona.

Kama huamini fanya jaribio la udi. Zima feni ya dari, funga dirisha, washa kijiti kimoja cha udi. Feni iwe imefungwa ikivuta hewa kupitia rejeta, izunguke taratibu. Sogeza kijiti upande wa pili, kama sentimita mbili kutoka kwenye vibati, halafu kitembeze polepole kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukingoni moshi unalala unaingia wote kwenye vibati kama umevutwa na uzi. Ukifika mbele ya kitovu moshi unasimama, unapanda juu wenyewe, unajikunja, mwingine unatoroka kwenda pembeni ndo unaingia. Weka shraudi urudie, pale pale katikati moshi unaingia, taratibu kuliko ukingoni ila unaingia. Mimi siku nlipoona hivyo sijawahi tena kufunga feni bila shraudi pale nafasi inaporuhusu.

Kina chake: milimita 25 ndo pazuri, 40 ni nzuri zaidi kidogo, ukivuka 50 sijaona tofauti yoyote kwangu zaidi ya kula nafasi. Na faida kubwa iko kwa feni za taratibu, zile za kelele zinalazimisha hewa hata bila shraudi.

Kuipata kuna njia tatu. Ya kwanza haina gharama: feni mbovu ya 120. Nenda kwa mafundi kompyuta, mtaa wowote, wana feni zilizokufa mota wanazitupa. Chukua yenye kona wazi, yaani fremu ambayo ukiitazama ubavuni kwenye kona kuna uwazi kati ya sikio la juu na la chini, ile iliyozibwa itakusumbua kwenye skrubu. Kata ile mikono minne inayoshika mota kwa koleo ya kukatia au msumeno wa chuma, toa mota na mapanga, piga msasa pale ulipokata. Umebaki na fremu tupu ya milimita 25, matundu yake yako milimita 105 kutoka moja hadi jingine sawa sawa na ya rejeta, haihitaji kupima chochote. Kama rejeta yako ni ya 140 tafuta feni ya 140, matundu yake ni 124.5, haziingiliani.

Njia ya pili ni perspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo. Wale mafundi wa mabango wenye mashine ya leza, wapelekee mchoro wenye vipimo wakukatie vipande vya milimita 5, unavipanga kimoja juu ya kingine mpaka ufike kina unachotaka. Inapendeza hasa kama kesi ina kioo.

Ya tatu ni bati, na hii ni kwa rejeta ambayo saizi yake haiendani na feni. Mafundi bati wa Gerezani wanakukunjia kiboksi chenye mdomo wa mraba upande mmoja na tundu la feni upande mwingine. Ila mtengenezee kwanza wa kartoni ukampe kama mfano, ukimweleza kwa mdomo utarudi mara tatu.

Kama una feni mbili au tatu kwenye rejeta moja, weka ukuta kati ya kila feni. Shraudi ikiwa chumba kimoja kirefu na feni moja ikafa, feni nyingine zitavuta hewa kupitia ile iliyokufa badala ya kupitia kwenye vibati, na maji yatapanda hujui kwanini. Ukitumia fremu za feni mbovu ukuta unakua upo tayari.

Na uzibe. Uwazi mdogo wa milimita 2 ukingoni hewa inaupenda kuliko vibati. Nenda kwa fundi baiskeli omba tyubu iliyochoka, kata mikanda ya sentimita moja, ilaze kuzunguka ukingo wa shraudi pande zote mbili. Inaziba na inakula mtetemo, kelele inapungua. Pembeni malizia na tepu ya fundi umeme.

HATUA YA 6: feni isukume au ivute

Na shraudi mimi navuta, yaani hewa inaingia kwenye rejeta kwanza, halafu shraudi, halafu feni. Vumbi linanasa upande wa nje wa rejeta pale unapoliona na unalipiga brashi bila kufungua skrubu hata moja. Ukisukuma, vumbi linajikusanya ndani ya shraudi kati ya feni na vibati kama blanketi, huwezi kuliona mpaka ufungue kila kitu. Tofauti ya joto kati ya kusukuma na kuvuta ni ndogo, tofauti ya usafi ni kubwa.

HATUA YA 7: skrubu

Fupi ila isome mara mbili. Chini ya matundu ya skrubu kwenye rejeta nyingi kuna mrija wa maji, milimita chache tu. Skrubu ikizidi inatoboa. Rafiki yangu alitoboa ya kwake mpya kabisa, alisikia kama kitu kimepasuka kidogo, tik, akaendelea kukaza, akaja kuona tone wakati maji yameshajazwa. Feni yenye unene wa milimita 25 inatumia skrubu yenye urefu wa 30, inaingia 5 ndani. Shraudi ya fremu ya feni ifunge kwenye rejeta kwa skrubu fupi za milimita 8 unazoingizia ubavuni kwenye ile kona wazi, halafu feni ifunge kwenye shraudi kwa boliti na nati. Na kabla hujafunga jua skrubu za rejeta yako ni saizi ya M3, M4 au zile za Kimarekani za 6-32, usilazimishe.

Kuhusu rejeta ya hita ya gari

Wengi wananiuliza hili na sio wazo la ajabu, Marekani hobi hii inaanza watu walikua wanatumia rejeta ya hita ya Pontiac Bonneville ya 1977 kwa sababu inakaa feni mbili za 120 vizuri. Hapa kwetu zipo kwenye spea za kuchinja gari, Ilala huko na Gerezani, na bei ni ya kuongea kwa sababu nani Dar anawasha hita. Ila tafuta ya gari la zamani, ya shaba iliyolehemiwa kwa risasi, za siku hizi ni alumini yenye matanki ya plastiki. Usidhani kwa kua haikuwashwa ndani ni safi, kwenye gari nyingi maji yanapita humo muda wote hata kama hujafungulia joto. Mpelekee fundi rejeta aisafishe, aizibe aijaribu kwa upepo ndani ya maji, akulehemie na viunganishi vya saizi ya mipira yako maana ya gari ni kama milimita 16. Hii lazima shraudi ya bati, hakuna namna.

Kusafisha na kujaribu

Rejeta mpya ndani ina mabaki ya dawa ya kulehemia. Jaza maji ya moto nusu, ziba, tikisa dakika kadhaa, mwaga kwenye beseni jeupe uone kinachotoka, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mara ya mwisho suuza kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke yakavunwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri, dukani yanakaa jirani na asidi ya betri na chupa zinafanana. Maji ya kisima usiyaguse, visima vingi vya Dar vina chumvi.

Kabla hujawasha kompyuta, washa pampu peke yake masaa 24. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 ya pawasaplai, ikiwa haijachomekwa kwenye madabodi, na plagi nyingine zote za pawasaplai umezichomoa isipokua ya pampu, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya na pampu itawaka bila kitu kingine kupata umeme. Tandaza toilet pepa nyeupe chini ya kila kiungo na chini ya rejeta yote, tone dogo utaliona. Tikisa kesi na ulaze pande zote ili hewa itoke kwenye matanki ya rejeta, utasikia inavyokoroma mpaka inanyamaza.

Ukishawasha, ibane kazi masaa mawili halafu andika namba mbili kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa kesi: joto la chumba na joto la maji. Tofauti yake ndo namba yako. Kila mwezi ipime tena kazi ikiwa ile ile. Ikiongezeka nyuzi tatu anza na brashi kwenye vibati, kisha kagua mikanda ya tyubu kama imebanduka, kisha tazama kila feni uone kama zote zinazunguka.